Mkono Ulionitoa Chini ya Mafunjo

Mwalimu mwenzangu, mke wa afisa mmoja wa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, alirudi kutoka likizo ya Afrika Kusini akiwa na video kwenye simu yake. Binti yake wa miaka minane amelala kifudifudi juu ya ubao wa manjano, baharini. Nyuma yake wimbi linainuka, ubao unateleza, mtoto anapiga magoti, kisha anasimama, mikono imetanuka kama ya mtu anayepita juu ya ukuta mwembamba. Ni somo lake la kwanza. Ukitazama kwa makini utaona mkono wa mtu mzima ukiuachia mkia wa ubao. Ni mkono wa mwalimu. Mwenyewe haonekani, mama mtu amemkata kwenye picha, ili mtoto abaki peke yake na bahari. Chini ya video ameandika: "Mungu amemsimamisha mwanangu juu ya maji." Karibu chumba kizima cha walimu kilikuwa kimekwisha kujibu amina.

Nilimrudishia simu nikatoka nje, kwa kuwa nilijua ningesema jambo ambalo mwenzangu hakustahili kuambiwa. Hasira yangu haikuwa yake. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake.

Ninyi mliolelewa wakati mmoja nami katika nyumba za makarani na walimu wa Kamina, nyumba zenye pazia mlangoni na saa ukutani, mnakumbuka tulivyofundishwa kushukuru. Tulifundishwa kama tulivyofundishwa hesabu: kwa kurudia, kwa sauti, wima mbele ya watu. Sina ugomvi na shukrani. Nasali, na nitasali mpaka nife. Ugomvi wangu ni na watu wanaomtumia Mungu kama kifutio, wakafuta kwa jina lake majina ya wale waliotenda. Namjua mmoja wao vizuri sana, kwa maana ndiye aliyenizaa. Na kifutio alichokishika mkononi nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponituma likizo kwa dada yake katika kijiji cha Sanga, kando ya ziwa Kisale. Treni ilinishusha Kabondo-Dianda nikiwa chini ya ulinzi wa mama mmoja wa kanisa. Kutoka hapo tulipanda lori, kisha baiskeli, kisha mtumbwi. Shangazi yangu, ambaye kwetu sisi Waluba huitwa tata mukazi, yaani baba wa kike, alikuwa mjane mkaushaji wa samaki. Alikuwa na binti mmoja wa miaka kumi na mitatu, Masengo, niliyemwita Yaya, yaani dada mkubwa. Masengo alikuwa amemaliza shule ya msingi akiwa wa kwanza, na kijijini hapakuwa na sekondari. Ilikuwa imekwisha kukubaliwa kwamba mwisho wa likizo baba angekuja kunichukua mimi na kumchukua yeye pia, aje akae kwetu Kamina asome. Shangazi alikuwa amemshonea sketi ya bluu na blauzi nyeupe, sare ya wanafunzi wa nchi nzima. Zilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Kila Ijumaa Masengo alizifua, ingawa hakuwa amezivaa hata siku moja, akasema moshi wa samaki umeziingia.

Moshi ule uliingia kila kitu: nywele, uji, daftari la zaburi. Mpaka leo nikipita sokoni mahali pa samaki wakavu, miguu yangu husikia tope kabla pua yangu haijasikia harufu.

Mara mbili kwa juma boti ya mizigo ilipita mbele ya kijiji, pana, ya mbao, yenye injini iliyokohoa kama mzee. Nyuma yake iliacha mawimbi yaliyokimbilia ufukoni, na watoto wa Sanga walikuwa na ufundi wao: walilala juu ya vipande vya mitumbwi iliyopasuka, wakangoja wimbi, likawabeba, na wale hodari wakasimama. Masengo alikuwa hodari kuliko wote. Ubao wake ulikuwa kipande cha ubavu wa mtumbwi wa zamani, ncha moja imechomwa motoni ili isiendelee kupasuka. Kila asubuhi aliusugua kwa mchanga na majivu mpaka utelezi wote ukaisha. Nilimwomba anifundishe. Aliniangalia miguu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Lala," akasema.

"Wapi?"

"Hapa mu bulongo. Weye na maji bado hamujajuana."

Nikalala kifudifudi juu ya ubao, kwenye udongo mkavu, kati ya vichanja vya samaki. Watoto wakakusanyika.

"Mutoto wa karani anaogelea mu vumbi," mmoja akasema.

"Mumuache," akajibu mwingine, "iko anatafuta samaki ya vumbi. Kwabo Kamina njo ile banakula."

Masengo hakugeuza kichwa. "Yule anayecheka sana alilia siku mbili nilipomufundisha," akaniambia, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Sasa piga maji na mikono. Nikisema simama, magoti mbele, kisha miguu. Hapana kuruka. Weye hauko chura."

Siku mbili nzima nilipiga maji yasiyokuwapo. Siku ya tatu aliniingiza ziwani mpaka kifuani pake, mimi nimelala juu ya ubao, yeye ameshika mkia. Alinifundisha kuyahesabu mawimbi ya boti. "Ya kwanza iko ya boti yenyewe. Ya pili iko ya bakubwa. Ya tatu njo yako." Na nilipoinamisha kichwa kutazama vidole vyangu vya miguu, alinigonga kisigino. "Usiangalie miguu. Miguu yako unaijua tangu zamani. Angalia pale mama anageuza samaki."

Boti ilipopita nikamwangalia shangazi, mbali, katika moshi wake. Nikasikia mkia wa ubao unainuka chini ya tumbo langu, nikasikia mkono wa Masengo ukiniachia. Magoti. Miguu. Ziwa zima likaenda pamoja nami. Nimepata vyeti baada ya hapo, nimeolewa, nimezaa, nimekabidhiwa shule. Sijapata tena dakika kama ile, ambayo hata dakika haikutimia. Nilipoibuka nikitema maji Masengo alikuwa amekunja mikono. "Sasa unajua kuanguka," akasema. "Kesho tutaanza kusimama."

Sasa lazima niseme habari ya mahubiri, maana bila hayo hamtanielewa. Jumapili ya juma lile mchungaji wa ziwani alihubiri juu ya mfalme aliyehutubia watu, watu wakapiga kelele kwamba hiyo ni sauti ya mungu wala si ya mwanadamu, naye akaipokea sifa ile asimpe Mungu utukufu, akaliwa na minyoo. Mchungaji hakuifafanua minyoo. Niliifafanua mwenyewe. Niliiona ikianzia vidole vya miguu, myeupe, yenye subira. Na katika akili yangu ya miaka tisa sheria ikajichora wazi kabisa: jambo jema likitendeka na binadamu akasifiwa kwa ajili yake, binadamu huyo ataliwa.

Baba aliwasili Jumamosi, kwa boti ile ile. Nilikuwa nimeamua kwamba atakapopita mbele ya kijiji ataniona nimesimama juu ya wimbi lake. Masengo alikataa. Upepo ulikuwa umebadilika tangu asubuhi, na katika ziwa lile upepo hauchezi peke yake: mafunjo hung'oka kwa wingi, na mizizi yao na udongo wao, yakaelea kama shamba zima linalohama.

"Leo hapana," akasema. "Mafunjo iko inatembea. Ikikufunika, haina mulango."

"Lakini baba anakuja."

"Baba yako iko na macho. Atakuona hapa inje, mukavu."

Akaenda kumsaidia mama yake kushusha samaki. Niliposikia injini ikikohoa, nilichukua ubao wake nikaingia.

Wimbi la tatu lilinipata. Nilisimama, nasema kweli, nikamwona baba mbele ya boti na kofia yake, akanyosha kidole. Ndipo ukingo wa mafunjo ukagonga ubao kwa upande, nikaanguka, na shamba lile likanipita juu. Chini yake palikuwa giza la kahawia. Mizizi ilinishika nywele, nilipoinua mkono nilisukuma udongo laini uliokataa kufunguka, na maji yaliyoniingia kinywani yalikuwa na ladha ya majani yaliyooza. Sikusali. Watu wameniuliza mara nyingi, nikajibu kwamba nilisali. Sikusali. Nilimwita Masengo kwa kinywa kilichojaa tope.

Mkono ukanishika kwenye misuko ya kichwa. Haukuwa mpole. Ulinivuta kwa nguvu iliyoninyofoa nywele, chini zaidi kwanza, kisha pembeni, kisha juu, na nilipoona mwanga nilimwona Masengo amekunja uso kama mtu anayebeba gunia. Boti ilikuwa imesimamisha injini. Baba, baba yangu mwenyewe, aliitupa kamba, na Masengo akaidaka kwa mkono wa pili. Tulipovutwa ubavuni mwa boti, mbao zilimchuna mkono ule kutoka kiwikoni hadi kiganjani. Baba alitupandisha wote wawili. Damu ya Masengo ilimdondokea kwenye suruali.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mashahidi walikuwa wengi, na aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa baba.

Alasiri ile hakunipiga, jambo lililonitisha kuliko kiboko. Alibadili suruali, akaketi na mchungaji kwa muda mrefu, kisha akaniita. Kesho, akasema, nitatoa ushuhuda kanisani. Akaanza kunifundisha, sentensi kwa sentensi, kama alivyonifundisha jedwali la kuzidisha.

"Nilikuwa gizani chini ya maji."

"Nilikuwa gizani chini ya maji."

"Mkono ukanishika."

"Mkono ukanishika."

"Mkono wa nani?"

"Wa Yaya Masengo."

Akafumba macho. "Mkono wa Bwana. Rudia."

"Mkono wa Bwana. Na Yaya Masengo, tata?"

"Utukufu haugawanywi," akasema. "Ukimtaja mtu, umemwibia Mungu. Unakumbuka mchungaji alichohubiri?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka kuliko alivyotaka. Nikaitazama miguu ya Masengo, uani, akiosha sufuria kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa kitambaa, nikaona vidole vyake vyote kumi vikiwa vizima, nikaapa kwamba hakuna atakayevila kwa sababu yangu. Kwa upendo, kwa upendo mtupu, niliamua kutolitaja jina lake.

Jumapili nilisimama mbele ya watu nikasema yote bila kukosea.  Wanawake walipiga vigelegele, mchungaji akaniwekea mkono kichwani, mahali pale pale nywele ziliponyofolewa, pakauma. Masengo alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa amenyosha shingo kama anayengoja kuitwa. Nilipomaliza nikarudi kwenye benchi, bado alikuwa amenyosha shingo.

Baada ya ibada shangazi alimkuta baba uani. Nilikuwa nyuma ya vichanja, nikasikia.

"Nguo yake iko tayari," shangazi akasema. "Munaondoka naye kesho?"

"Hapana, yaya. Msichana anayewazoesha watoto maji siwezi kumweka pamoja na wanangu. Amekaribia kuniulia mtoto."

"Mudogo wangu, mutoto aliingia yee peke yake. Masengo njo alimutosha mu maji. Weye mwenyewe ulitupa kamba."

Baba alivaa kofia yake. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Mtoto mwenyewe amesema mbele ya kanisa ni mkono wa nani. Unataka aonekane mwongo?"

 Mjane anayemtegemea ndugu yake kwa chumvi na sabuni hashindani naye. Shangazi aliingia ndani, na nilisikia msumari ukilia alipozitoa nguo zile.

Na mimi? Sikuelewa. Hilo ndilo linalonichoma. Nilidhani hayo ni maneno ya wakubwa tu, kwamba Masengo angekuja baadaye, kwa boti nyingine. Nilimuaga nikiwa na furaha ya siri, kama mtu aliyemfichia rafiki yake zawadi. Yeye alinipa mkono, yaya kwa mdogo wake, akasema, "Wende muzuri." Nikaipungia mkono pwani ile nikihesabu vidole vya miguu vya Masengo. Huko Kamina, kila Jumamosi kwa miezi, nilimuuliza mama kama treni ya leo inamleta Yaya Masengo, mpaka mama akaniambia nisiulize tena mbele ya baba.

Ushuhuda wangu, kwa upande mwingine, ulisafiri. Baba alinipeleka parokia hadi parokia, nikiwa na viatu vyeupe. Aliheshimiwa kwa sababu yangu, akapewa kuhubiri, akapewa kiti cha mbele. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipokuwa nikisema "mkono wa Bwana" mbele ya watu, na ghafla, bila sababu, nikakumbuka jinsi mkono ule ulivyonivuta kwanza kwenda chini ndipo juu, kwa kuwa mwenyewe alijua njia ya kutokea chini ya mafunjo. Mtu fulani alikuwa amejifunza njia ile kwa pumzi yake mwenyewe. Nikanyamaza katikati ya sentensi. Baba akaimaliza kwa niaba yangu.

Tusijidanganye, sisi watu wa rika langu, kwamba wazee wetu hawakujua walichokifanya. Tunapenda kusema walikuwa watu wa wakati wao. Watu wa wakati wowote wanajua ni nani aliyeshika kamba. Mwaka uliopita nilimuuliza baba. Amezeeka, anaketi barazani na blanketi hata wakati wa joto, na akili yake ni safi.

"Tata, ulikuwa kwenye boti. Ulimwona Masengo."

"Nilimwona."

"Sasa kwa nini?"

Alilivuta blanketi mabegani. "Uliingia majini mbele ya boti nzima ya watu, mtoto wa mtu wa kanisa, juu ya kipande cha ubao. Kulikuwa na habari mbili za kupeleka Kamina. Nilichagua ile ya kumpendeza Mungu."

Nilimwambia kwamba alichagua ile ya kumpendeza yeye, na kwamba Mungu hakuomba chochote siku ile. Alisema nimekuwa mkali tangu nilipopewa shule. Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba shule ilikuwa na wanafunzi wawili waliostahili kutoka ukoo mmoja, naye akapeleka mmoja.

Juma lililofuata nilikwenda Sanga. Njia ni mbaya kuliko zamani. Nilimkuta Masengo kwenye vichanja vya mama yake, ambavyo sasa ni vyake, akigeuza samaki. Kovu la mkononi limekuwa jeupe. Alinitambua mara moja, akaniita mudogo yangu, akanipa kiti, akakataa nimsaidie.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nimezoea kuandaa maneno. Yote yakanitoka, nikamweleza kwa lugha ya nyumbani, kama mtoto: habari ya mahubiri, ya mfalme, ya vidole vyake. "Yaya, miye nilizani bakikusifu, minyoo itakukula. Njo maana sikutaja jina yako."

Alisimama na samaki mkononi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea kichanja, akamwita mkwe wake kutoka ndani: "Kuja usikie. Miaka yote hii miye nawaza nilimukosea nini huyu mutoto, kumbe iko minyoo." Mkwe akacheka pia, kwa heshima. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe, nikidhani kicheko kile ni msamaha.

Masengo akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono. Akamgeuza samaki aliyekuwa naye, akamlaza upande wa pili juu ya moshi, kwa uangalifu, na alipozungumza tena hapakuwa na kicheko hata kidogo.

"Ile minyoo, mudogo yangu, ningekwenda nayo ku masomo. Ikule mukono moja, niandike na ingine."